Lushoto kwa mafuta kiduchu, ila usitupe free!

Kama wewe na washikaji mna mpango wa kupanda Lushoto wikiendi, soma hapa kwanza.

Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 tu, lakini ni mlima mtupu: barabara nyembamba, kona juu ya kona, korongo pembeni. Ndinga hapo inakunywa mafuta kishenzi.

Safari yetu ya mwisho, dereva wetu mbahili akaona dawa ni kushuka na free mpaka Mombo. Tulipoipita Soni breki zikaanza kunuka, pedali ikalainika. Garini kimya, utadhani msibani! Bahati yake alifaulu kuingiza gia namba mbili, gari likatulia, tukapaki mpaka breki zikapoa.

Na ubahili wenyewe ulikuwa wa bure. Gari za EFI ukishuka na gia, mguu ukiwa umeutoa kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta. Magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukitupa free, injini inaendelea kunywa ili isizimike.

Akiba ya kweli ni hii: pima upepo tairi zikiwa baridi, shusha mizigo isiyo lazima kwenye keria, panda kwa mwendo mmoja bila kukanyaga kwa pupa. Baridi ya Usambara ikikupokea, zima AC, fungua kioo.

Kushuka je? Gia ile ile uliyopandia, mshikaji. Maporomoko ya Soni yanapendeza ukiyatazama umesimama, siyo ukiyafuata bondeni!