Utangulizi: Injini ya Kuazima

Mnyuzi, wilayani Korogwe, ni mahali pa kiungo. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na kuendelea hadi Moshi, ilikaa miongo mingi bila kuonana na mwenziwe, Reli ya Kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905. Zilikutanishwa mwaka 1963, njia ya kutoka Ruvu ilipofunguliwa na kuingia hapa. Kilichorahisisha kazi ni kwamba Wajerumani walizijenga zote mbili kwa upana uleule wa meta moja, hivyo behewa la Tanga liliweza kushika njia ya Kigoma bila kubadilishwa magurudumu.

Nimeanza na reli, ingawa somo letu ni magari ya kale ya jeshi yaliyobadilishwa injini, kwa sababu magari hayo hayakupata bahati ile. Injini ya Kijapani na gia boksi ya Kiingereza hazina upana mmoja. Matundu ya bolti hayaelekeani, shafti ya gia ni fupi au ndefu mno, klachi haikai. Lazima pawe na mtu wa kuvipatanisha. Elimu ninayokukaribisha kwayo, msomaji, ni ya kumsoma mtu huyo kupitia chuma alichokiacha.

Mpwa wangu ndiye aliyenivuta Mnyuzi. "Mjomba, njoo ulione kabla sijatoa hela," aliniambia kwenye simu. Gari lilikuwa chini ya mwembe: Land Rover 109, ile ndefu, toleo la tatu, lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nje lilipakwa rangi nyeupe, lakini nyuma ya dashibodi na kwenye bawaba za milango, mahali brashi isipofika, kijani cha jeshi kilikuwepo bado. Chini ya kiti palikuwa na nafasi ya betri mbili, maana magari ya jeshi yaliyobeba redio yalitumia volti 24. Bodi haikuwa na kutu. Land Rover zilivishwa aluminiamu tangu 1948 kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Chasisi ndiyo ya chuma, nayo huoza kuanzia ndani. Nililala chini na nyundo ndogo, nikagonga kutoka mbele kwenda nyuma. Ililia ngi, ngi, ngi, mpaka karibu na springi ya nyuma kushoto, ikajibu pu. Mpwa wangu alisikia mwenyewe, sikuhitaji kumweleza.

Kisha boneti ikafunguliwa. Injini ya petroli ya sentimeta za ujazo 2,286, ambayo gari lilizaliwa nayo, haikuwepo. Mahali pake palikaa Isuzu 4BD1, dizeli ya lori ya lita 3.9.

Wapo wapenzi wa magari ya kale ambao wangegeuka na kuondoka hapohapo. Kwao gari lililopoteza injini yake limepoteza nasaba. Wahenga nao walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Naheshimu wanaolinda asili, lakini katika hili sikubaliani nao. Jeshi la Australia, miaka ya 1980, liliagiza Land Rover zenye injini hiyohiyo ya Isuzu 4BD1, zikifungwa tangu kiwandani. Fundi wa Korogwe na wahandisi wa Australia walilikabili swali moja wakafikia jibu moja, na sioni kwa nini jibu la wale liitwe uhandisi na la huyu liitwe kiraka.

Zaidi ya hayo, injini mpya ina tarehe yake katika historia yetu. Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978, vilitumia magari ya jeshi na ya raia, malori na mabasi yaliyochukuliwa kwenda kubeba askari na mizigo. Baada ya hapo fedha za kigeni zikakauka na spea za Kiingereza zikawa hazipatikani. Ni enzi ambazo magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Kutoa injini yenye kunywa petroli na kutia dizeli kulikuwa uamuzi wa kiuchumi, na uamuzi huo umeandikwa katika gari lenyewe kwa bolti na weldi.

Wasomi wameanza kuyasoma maandishi ya namna hii. David Edgerton ameeleza kwa nguvu kwamba historia ya teknolojia isiishie kwa wavumbuzi, itazame pia watumiaji na wanaokarabati. Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, ameiandika historia ya magari Tanzania akiwaweka mafundi wa gereji katikati. Bado nafasi ni kubwa. Hapa jeshi lilisafiri kwa migongo ya watu kabla ya injini. Juni 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipofika Handeni, wapagazi walikuwa wengi kuliko magari, na jina la Kariakoo linawakumbuka hadi leo. Anayetaka kuandika habari za usafiri wa kijeshi nchini ana mengi ya kuanzia.

Kwa anayetaka kununua, nina mawili ninayoyasisitiza. La kwanza ni difu. Ya Land Rover hizi ina uwiano wa 4.7: propela shafti huzunguka karibu mara tano gurudumu lizunguke mara moja. Ilipangiwa petroli inayozunguka upesi. Dizeli ya lori huzunguka polepole na ina nguvu tangu chini, hivyo gari litapanda milima ya Lushoto na mzigo wake, lakini kwenye lami ya Segera litalia likiomba gia ya tano ambayo halina. Difu ya Range Rover, ya 3.54, huponya hilo. Ila kabla ya kuifunga, tazama breki za dramu kama zinauweza mwendo mpya. La pili ni kadi. Namba ya injini kwenye kadi ifanane na iliyogongwa kwenye chuma. Kama hazifanani, bei isijadiliwe mpaka mwenye gari amalize suala hilo na mamlaka.

Springi za mbele za gari lile zilikuwa zimelala kwa uzito wa Isuzu. Lakini nilipomulika kati ya injini na gia boksi, niliona bamba la chuma limekatwa kwa mkono, kingo zimepigwa tupa hadi zikawa laini, matundu yote yameelekeana. Fundi aliyelikata, mzee wa hapohapo, aliitwa.

"Shikamoo, mzee. Chuma hiki ulikitoa wapi?"

"Marahaba. Kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, mwanangu. Kiwanda kilipofungwa."

Mpwa wangu aliingia chini ya gari tena, safari hii na futi kamba na daftari.