Mungu wa Kike na Jamii za Wakulima wa Kale

Wanafunzi wetu husoma ya kuwa wakulima wa kwanza wa Ulaya walimwabudu mungu wa kike, na ya kuwa kwa sababu hiyo mwanamke aliheshimiwa na amani ikatawala, hadi walipofika wapanda farasi na mungu wao wa kiume. Hoja hii ilienezwa hasa na Marija Gimbutas (1921–1994). Wengine wameongeza kwamba Mungu Baba wa Biblia ndiye aliyemshusha mwanamke. Mhubiri hana budi kuipima hoja hiyo kabla ya kuikasirikia.

Msingi wake ni sanamu. Mwaka 1961, huko Çatalhöyük nchini Uturuki, James Mellaart alifukua ndani ya kihenge cha nafaka sanamu ya udongo ya mwanamke mnene, ameketi kati ya wanyama wawili jamii ya chui. Je, ni mungu, bibi wa ukoo, au hirizi ya mavuno? Udongo hausemi. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2025 umeonyesha kwamba watu wa nyumba moja huko waliunganishwa zaidi na ukoo wa mama. Lakini ukoo wa mama si ushahidi wa mungu wa kike.

Sisi wa Simiyu twapaswa kulitambua hilo upesi. Kabla utemi haujafutwa mwaka 1963, katika sehemu nyingi za Usukuma mtemi alirithiwa na mtoto wa dada yake. Hata hivyo aliyekalia kiti alikuwa mwanamume, na Liwelelo hakuabudiwa kama mungu wa kike. Kisukuma, kama Kiswahili, hakina neno moja la kumtaja mume na jingine la kumtaja mke pale tunaposema “yeye”. Kinyume chake, mashariki ya Bukundi kuelekea Ziwa Eyasi, Wahadzabe, ambao kwa asili ni wawindaji, humtaja Ishoko, yaani jua, kuwa wa kike. Ikiwa jembe ndilo lililomleta mungu wa kike, Ishoko ametoka wapi?

Maandiko nayo yatusaidia. Wanawake walimfumia Ashera mapazia ndani ya hekalu lenyewe (2 Fal. 23:7), na Malkia wa Mbinguni alifukiziwa uvumba (Yer. 44), huku kiti cha enzi cha Yuda kikipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mabinti wa Selofehadi walipodai shamba la baba yao, waliopaswa kuwasikiliza walikuwa Musa, kuhani na wakuu, naye Bwana ndiye aliyeamua kwamba wamesema haki (Hes. 27).