Unene wa Kupindukia kwa Vijana: Kisu Hakitibu Huzuni

Jioni moja katika ufuko wa Rumonge, wavuvi wa ndagala walipokuwa wakitayarisha taa zao za usiku, nilimwona kijana wa miaka 16 akipandishwa juu ya mizani ya kupimia magunia. Waliompandisha walikuwa vijana wenzake, na wachuuzi wa samaki walisimama kando wakicheka. Mshale ulisimama kwenye kilo 120. Kijana huyo ni mtoto wa sajenti mmoja niliyefahamiana naye miaka mingi. Sina budi kukiri, ndugu msomaji, kwamba nami nilitabasamu.

Baba yake alikuwa amekwisha kuanza kumtibu kwa njia tuijuayo sote tuliopita katika vyuo vya kijeshi. Alimwamsha alfajiri, akamkimbiza kandokando ya ziwa, akampunguzia chakula na kumkaripia mbele ya wadogo zake. Nilimsifu kwa ukakamavu wake. Miezi mitatu baadaye kijana aliacha shule, akawa akijifungia chumbani mchana na kula kwa siri usiku, na uzito wake ukazidi. Siku moja alimwambia mama yake kwamba ingekuwa heri kama asingalizaliwa. Hapo ndipo sajenti aliponijia, akiuliza habari za operesheni ya kupunguza tumbo aliyoisikia kwa jamaa yake wa Dar es Salaam.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba unene wa kiasi hicho si utovu wa nidhamu. Madaktari huchukua kilo za mtu, wakazigawanya kwa kimo chake kilichozidishwa kwa chenyewe. Kijana wetu ana kimo cha mita 1.70, hivyo kipimo chake ni 41.5, hali mtu mzima mwenye uzito wa kawaida huwa kati ya 18.5 na 25. Mwili uliokwisha kufikia uzito huo huulinda kama kikosi kilindavyo ngome: chakula kikipunguzwa, vichocheo vya njaa hupanda na mwili hutumia nguvu kidogo zaidi. Urithi wa damu nao una sehemu kubwa. Lakini katika nchi yetu, ambamo uchunguzi wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ni nani atakayemhurumia mtoto mnene? Husemwa kwamba kwao kuna neema.

Ama kuhusu upasuaji wenyewe, si uvumi. Njia moja ni kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Nyingine ni kuufanya mfuko huo mdogo sana na kuuunganisha na utumbo mbele zaidi. Mwezi Januari 2023 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba vijana wa kuanzia miaka 13 wenye unene mkubwa sana wapelekwe kwa wataalamu wachunguzwe kama yawafaa.

Habari iliyonifungua macho zaidi inatoka Uswidi. Huko vijana 81 wa miaka 13 hadi 18 walipasuliwa kati ya mwaka 2006 na 2009, wakafuatiliwa kwa miaka mitano. Kwa wastani walikuwa wamepunguza kilo zipatazo 37, na hayo ni mafanikio yasiyopatikana kwa kukimbizwa ufukoni. Walijithamini zaidi kuliko awali, na ulaji usiozuilika ulipungua. Hata hivyo, hali ya moyo kwa jumla haikubadilika. Taarifa iliyotolewa mwaka 2020 ilionyesha kwamba baada ya upasuaji, 36 katika kila 100 walihitaji matibabu ya wataalamu wa maradhi ya akili, wakati miongoni mwa wenzao wanene wasiopasuliwa walikuwa 21. Si lazima kisu ndicho kilichowaletea maradhi. Huenda kuonana na madaktari mara kwa mara kulifichua yaliyokuwamo. Lakini aliyedhani kwamba huzuni itaondoka pamoja na mafuta, alikosea.

Huko Ontario, Kanada, watu wazima zaidi ya 8,800 walichunguzwa, na taarifa ya mwaka 2016 ikaeleza kwamba kujidhuru kuliongezeka kwa karibu nusu baada ya upasuaji. Waliojidhuru walikuwa wachache, lakini haifai kuwasahau. Kuna na jambo la pombe, ambalo sisi wa mabwaloni tusilipite haraka: kwa aliyepasuliwa, pombe huingia damuni upesi na kwa ukali zaidi.

Nilimweleza sajenti hayo yote. Nilimwambia pia kwamba Hospitali ya Mloganzila ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2022 kuweka puto tumboni ili kupunguza uzito, kwa hiyo wataalamu hawako mbali kama tunavyodhani. Swali ni la siku za baada ya safari. Wale vijana wa Uswidi, mmoja kati ya wanne alihitaji upasuaji mwingine wa tumbo, na wengi wakapungukiwa na vitamini au madini, chuma kikiwamo. Dawa hizo humezwa maisha yote na damu hupimwa kila mwaka. Je, mtoto akirudi Rumonge, nani atampima? Na akinyamaza chumbani, nani atajua?

Jambo la mwisho nililomwambia halikuwa la hospitali. Nyumba yenye mtoto aliyekata tamaa haifai kulaza bunduki. Ndugu yangu polisi, na wewe askari mwenzangu, silaha irudi ghalani, wala isilale chini ya kitanda hata usiku mmoja.

Sajenti aliacha mbio za alfajiri. Alimpeleka mwanawe Bujumbura, katika kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge kinachoendeshwa na Mabradha wa Upendo, na sasa wanakwenda huko pamoja kila wapangiwapo siku. Habari za upasuaji hazijaamuliwa. Daktari amesema kwanza kijana mwenyewe aseme anataka nini, kwani mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Nilipowaona mara ya mwisho walikuwa wakitembea taratibu kandokando ya maji, baba akiwa amevaa kiraia. Kijana alikuwa akimweleza namna taa zinavyowavuta ndagala juu. Wachuuzi waliwasalimu, na ile mizani ilikuwa imefunikwa gunia.