Kabla Hujalipia Lupango Likasi

Katika miji ya Kongo utaona kuta zilizopakwa maandishi makubwa ya Kifaransa yanayosema: nyumba hii haiuzwi. Mgeni hushangaa, maana kwao hutangazwa kinachouzwa. Mwenyeji haulizi. Baba akisafiri, au mzee akifariki na watoto wakagombana, nyumba yaweza kuuzwa kwa mtu wa pili na wa tatu kabla wa kwanza hajahamia. Anayetafuta lupango, yaani kiwanja cha nyumba, huko Likasi, mji wa migodi wa Katanga, aanze kwa kusoma kuta.

Kisheria hakuna anayemuuzia mwenzake ardhi. Sheria ya Julai 20, 1973 iliweka udongo wote mikononi mwa Serikali. Raia hupewa haki ya kudumu ya kuutumia. Mgeni hupewa ya muda, miaka 25 inayoweza kuongezwa. Kinachobadilisha mikono ni haki hiyo pamoja na kilichojengwa juu yake, na ushahidi wake ni mmoja tu: sertifika ya uandikishaji inayotolewa na konservateri, mtunza daftari la ardhi. Lakini mtaani mapatano mengi hufungwa kwa karatasi nyepesi zaidi: fishi ya komini (kadi ya kiwanja ya manispaa), barua ya mauzo yenye saini za mashahidi, au risiti ya chifu kwa viwanja vya pembeni ya mji. Kuhusu ardhi ya mila, sheria hiyohiyo iliahidi amri ya Rais itakayopanga haki za wenyeji. Miongo ikapita, amri haikutoka. Ndiyo maana risiti ya chifu ina heshima kijijini na mashaka mahakamani. Komisyoneri, yaani dalali, hatakueleza haya; yeye hulipwa mauzo yakifungwa, si yakichunguzwa.

Sertifika nayo ina nguvu ya kutisha. Ikitimiza miaka miwili bila kupingwa, haivunjwi tena; aliyedhulumiwa hubaki kudai fidia. Kwa mnunuzi hiyo ni ngao. Kwa mji wenye historia ya Likasi, mimi naona ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Kwa miaka mingi kampuni ya madini ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, na watoto na wajukuu wao wakazaliwa hapahapa, wakati mji ukiitwa Jadotville na baada ya 1966 ulipoitwa Likasi. Agosti 1992 Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, alichukua uwaziri mkuu kutoka kwa Nguz Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga, na hasira za kisiasa zikawaangukia majirani. Chini ya gavana wa jimbo, Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi na mashuleni, wakingoja treni ambayo haikufika kwa wakati. Wengi, watoto hasa, walifia njiani au hapohapo. Nyumba ziliuzwa kwa haraka kwa bei ya kutupa, nyingine zikachukuliwa tu. Mtu anayelala kwenye reli atajuaje kwamba jina lake limefutwa kwenye daftari, na saa ya miaka miwili imeanza kuhesabu? Kwa hiyo, ukiambiwa lupango ni ya familia tangu 1993, uliza 1991 ilikuwa ya nani.

Si Kongo tu inayobeba historia ndani ya daftari la ardhi. Katika kisiwa cha Rhodes, Ugiriki, alikotoka Nissim Soriano, baba yake Moïse Katumbi aliyekuwa gavana wa Katanga, pamoja na Wayahudi wengi waliohamia Elisabethville (sasa Lubumbashi), anayenunua kiwanja karibu na mji wa kale hutumia daftari lililoanzishwa na Waitalia mwaka 1929. Huko mjenzi huhofia wanaakiolojia wasije wakakuta magofu chini ya msingi wake.

Likasi chini ya msingi kuna shaba na kobalti. Haki ya kujenga haikupi madini: hayo yana sheria yake, ya 2002, iliyorekebishwa 2018. Kule Kasulo, Kolwezi, mwaka 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba za watu; mtaa ukageuka mashimo, na 2017 sehemu yake ikazungushiwa ukuta na wakazi wakahamishwa.

Halafu kuna vumbi. Watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha mwaka 2009 kwamba wakazi wa Katanga walio ndani ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda vya kuyeyusha madini wana kobalti nyingi mwilini kuliko walio mbali zaidi. Kichuguu kikubwa kwenye kiwanja kitakupa udongo wa matofali, na hiyo ni faida ya kweli. Ila lengalenga utakayoipanda nyuma ya nyumba itakula vumbi hilohilo, na sertifika haina mstari wa kuliandika. Nenda Shituru au Panda, sehemu za Likasi zenye viwanda, wakati wa kiangazi, mwezi wa nane, uangalie moshi unaelekea wapi, kisha uongee na wanaofagia uani kila asubuhi.