Muwasho wa utosi usifichwe chini ya ushungi

Katika milima ya Usambara, hasa miezi ya Juni na Julai baridi inapokaza, kichwa cha mwanamke hufunikwa tangu alfajiri hadi usiku: ushungi kwa ajili ya sitara, na shali juu yake kwa ajili ya baridi. Linalotokea utosini hulijua mwenyewe tu, na mara nyingi hata yeye huchelewa kuligundua. Ndiyo maana juma hili tunazungumzia muwasho wa kichwa unaoandamana na kunyonyoka kwa nywele.

Si kila muwasho ni mba. Yapo maradhi ambayo uvimbe wa ndani ya ngozi huua mashina ya nywele na kuacha makovu. Aina inayowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika huanzia utosini na kutanuka polepole. Wengine huhisi muwasho, wengine mchomo au maumivu wanapochana nywele, na wengine hawahisi lolote. Nywele hukatika, kisha ngozi huwa laini na kung'aa, vitundu vya nywele visionekane tena. Hapo nywele hazirudi. Muwasho, basi, huweza kuwa dalili kwamba maradhi yangali yakiendelea, na kwamba zilizosalia zaweza kuokolewa.

Wapo wanaodai kuwa ushungi ndio uletao upara huu. Dai hilo halina msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionesha kuwa takriban robo ya wagonjwa waliochunguzwa walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na uundaji wa unywele. Kwa hiyo binti ambaye mama au bibi yake alipoteza nywele za utosi na awe macho zaidi. Kinachodhuru nywele ni kuzivuta: misuko ya kubana, au kitambaa kinachokazwa mno. Ngozi inayouma isiongezewe dawa kali za kulainisha nywele wala chanuo la moto.

Watoto nao wasisahauliwe. Mapunye yakivimba na kutoa usaha huweza kuacha kovu la kudumu. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwani haifiki kwenye shina la unywele; mtoto huhitaji vidonge atakavyoandikiwa na daktari.

Tunazishauri familia jambo jepesi: kila misuko inapofumuliwa, mama, dada au mume autazame utosi penye mwanga. Pakionekana pamepungua nywele, au muwasho usipokoma, mgonjwa aende Hospitali ya Wilaya Lushoto na kuomba rufaa ikihitajika. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992. Huenda daktari akachukua kipande kidogo cha ngozi kwa uchunguzi, kisha akatoa dawa ya kupaka, sindano za ngozini au vidonge. Lengo ni kuuzuia uvimbe usiendelee, si kufufua shina lililokufa. Krimu kali zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha.

Ama haya, hiyo ni pambo la muumini, lakini haikuwekwa iwe kizuizi cha tiba. Sharia imeruhusu kufunua kwa kadiri ya haja ya matibabu. Dada aombe kuhudumiwa na tabibu wa kike na chumba cha faragha, wala asione aibu kuomba. Anayewahi huokoa nywele alizobakiwa nazo.