Gari Kuukuu Linapokunywa Maji

Huenda wewe ni miongoni mwa wafanyakazi waliojinyima kwa miaka mingi hata wakapata gari dogo, kuukuu lakini lenye manufaa kwa jamaa nzima. Gari hilo ndilo linalowapeleka watoto shuleni, na ndilo lililomfikisha mama hospitali usiku ule alioshikwa na uchungu. Sasa kila asubuhi unaongeza kikombe cha maji katika rejeta, na chini ya gari huoni hata tone. Maji hayo yanakwenda wapi?

Jibu laweza kuwa gasketi ya silinda hedi. Hicho ni kipande chembamba kinachobanwa baina ya bloki ya injini na hedi iliyo juu yake. Kazi yake ni kutenganisha moto wa petroli, maji na oili. Katika magari mengi hedi ni ya aluminiamu na bloki ni ya chuma. Aluminiamu ikipata joto hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Basi kila injini inapopata moto na kupoa, gasketi husuguliwa. Na baada ya miaka mingi, au baada ya gari kuchemsha mara moja tu, huanza kuvuja.

Pima Kwanza

Usiilaumu gasketi kabla ya kukagua mipira ya rejeta, pampu ya maji na kifuniko cha rejeta. Vikiwa vizima, tazama dalili hizi: moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, mapovu yasiyokwisha katika rejeta, injini kukohoa inapowashwa asubuhi, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hata hivyo, ukungu kidogo chini ya kifuniko cha oili waweza kuletwa na safari fupi fupi, kwa hiyo tazama pia kijiti cha kupimia oili. Fundi mwenye vifaa ana kipimo cha dawa ya buluu: hewa ya rejeta ikiwa imechanganyika na moshi wa injini, dawa hiyo hugeuka manjano.

Jambo moja lisisahaulike. Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta wakati injini ina moto. Maji yaliyobanwa humo hupita nyuzi 100 za Selsiasi bila kuchemka. Kifuniko kikiachia, hufoka na kuunguza uso na mikono. Subiri injini ipoe kabisa, na watoto wakae mbali.

Dawa ya Kuziba

Madukani zipo dawa za kumimina katika rejeta. Nyingi zina sodiamu silikati, ambayo hukauka na kuwa ngumu kama kioo pale inapokutana na joto kali. Kwa uvujaji mdogo wa maji peke yake, dawa hiyo yaweza kukupa muda wa kukusanya fedha. Lakini usiite huko kutengeneza. Ikizidi huziba vinjia vya rejeta, na oili ikiwa imekwisha kuingia maji haikusaidii kitu.

Katika muda huo beba maji, usifunge safari ndefu, na usiondoe jicho katika mshale wa joto. Ukipanda kupita kawaida, egesha gari na uzime injini papo hapo, hata kama nyumbani pamebaki hatua chache. Hatua hizo chache ndizo zinazopinda hedi. Na ukiona maji katika oili, usiliwashe gari tena. Oili ya namna hiyo hailindi vyuma visisagane.

Umdai Fundi Haya

Tiba ya kweli ni kufungua hedi na kuweka gasketi mpya. Mara nyingi gharama kubwa huwa katika kazi, si katika gasketi yenyewe. Kwa hiyo ifanywe mara moja, ifanywe vizuri. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma kama imepinda, na ikipinda isawazishwe kwa mashine. Bolti zikazwe kwa spana yenye kipimo, hatua kwa hatua, kwa mpango wa mtengenezaji, ambao kwa kawaida huanzia katikati kwenda pembeni. Baadhi ya injini hudai bolti mpya kila mara. Oili na chujio lake vibadilishwe. Gasketi za magari ya zamani huenda zikawa na asibesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu; zisikwanguliwe zikiwa kavu uani watoto wanapochezea.

Zaidi ya yote, itafutwe sababu iliyolichemsha gari: feni, termostati, au rejeta iliyoziba. Bila hivyo gasketi mpya itafuata njia ya ile ya kwanza.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaa na mwenzako nyumbani leo, mpange fedha hizo mapema, maji yakiwa bado ni kikombe kimoja. Yakiwa ndoo, mtakuwa mnatafuta injini nyingine, na watoto watakwenda shule kwa miguu.