Jua Laingia Nyumbani

Hakuna mama anayehitaji kufundishwa faida ya jua. Tunaanika nguo, mahindi, mihogo, dagaa na magodoro ya watoto. Wakati wa masika, jua lisipoonekana siku tatu mfululizo, nyumba nzima hunuka unyevu. Kazi hiyo yote jua huifanya bure, nasi tumeizoea hata hatuihesabu kuwa ni kazi.

Lakini jua likitua, msaada wake hukoma. Hapo ndipo tunapowasha kibatari, tunapopepea mkaa na kuhesabu fedha za mafuta ya taa. Kwa hiyo jambo lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi si namna ya kulipata jua, kwani liko tele, bali namna ya kuliweka akiba mpaka usiku. Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia akina mama wenzetu habari za baadhi ya watu waliolishughulikia jambo hilo. Miongoni mwa waliotangulia walikuwamo wanawake watatu.

Nyumba iliyopashwa joto kwa chumvi

Mwaka 1948, katika mji mdogo wa Dover, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ilijengwa nyumba isiyotegemea kuni, makaa wala mafuta kuipasha joto. Kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta jambo hilo laweza kuonekana dogo. Lakini kule, majira ya baridi yakifika, maji hugeuka barafu nje ya mlango, na nyumba isiyo na joto haikaliki, hasa kwa mtoto.

Aliyebuni mtambo wa nyumba hiyo ni Maria Telkes, mwanasayansi aliyezaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1900, akahamia Marekani akiwa bado kijana. Aliyechora ramani ni Eleanor Raymond, msanifu majengo. Aliyetoa fedha na kiwanja ni Amelia Peabody, mchongaji wa sanamu aliyekuwa na mali. Hebu fikiria: siku hizo hata mwanamke mmoja kuwa mhandisi au msanifu ilikuwa habari ya kushangaza, na hawa walikuwa watatu katika kazi moja.

Upande wa kusini, ambako jua la huko huelekea wakati wa baridi, ghorofa ya juu ilikuwa vioo vitupu. Nyuma ya vioo waliweka mabati meusi. Jua lilipita katika kioo na kuyachoma mabati, hewa iliyo karibu nayo ikapata moto, na feni zikaisukuma hewa hiyo mpaka kwenye vijichumba vilivyofichwa kati ya kuta. Humo mlipangwa makopo yaliyojaa chumvi.

Hii si chumvi ya mezani. Ni ile iitwayo chumvi ya Glauber, ambayo watu wa zamani waliinywa kama haluli. Sifa yake ni kwamba huyeyuka kwenye joto la nyuzi 32 za Sentigredi tu. Kila mpishi ameona mafuta ya mgando yakiyeyuka kikaangoni: yanachukua joto kwanza ndipo yawe maji. Yakipoa na kuganda, joto lile huyatoka tena. Chumvi hii hufanya vivyo hivyo, ila uwezo wake wa kubeba joto ni mkubwa zaidi. Mchana iliyeyuka ikameza joto. Usiku iliganda na kulirudisha vyumbani polepole, wakati watoto wamelala.

Jamaa ya Telkes mwenyewe, baba, mama na mtoto, walihamia humo. Kwa majira mawili ya baridi nyumba ilikalika vizuri. Baadaye matatizo yakaanza. Chumvi iliyokuwa ikiyeyuka na kuganda mara kwa mara ilijitenga, nzito ikatuama chini na maji yakabaki juu, kama uji ambao haukukorogwa. Makopo nayo yakashika kutu na kuvuja. Mwishowe ilibidi nyumba ifungwe mtambo wa mafuta kama nyumba nyingine.

Wako waliomcheka. Telkes hakukata tamaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa amekwisha kubuni chombo cha plastiki cha kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa kwa nguvu ya jua, kwa ajili ya mabaharia na marubani waliokwama majini. Katika miaka ya 1950 alitengeneza jiko la jua: sanduku lililozibwa vizuri lisipoteze joto, lenye kioo juu na vioo vya kuakisi pembeni, lililoweza kupata joto la kutosha kuoka mkate. Alifariki mwaka 1995, huko huko Budapest alikozaliwa.

Tusidanganyane kuhusu jiko la jua, maana tumesikia likisifiwa kupita kiasi. Kwa maharage, wali, viazi na keki linafaa sana, nawe hupumui moshi. Lakini ugali hauwezi kusongwa humo: kila ukifunua kifuniko joto lote hukimbia. Tena chakula cha jioni lazima kiwe kimeiva kabla jua halijateremka. Ni jiko la pili la nyumba, si la kwanza.

Wazo lile la kuweka akiba kwa kuyeyusha na kugandisha halikufa. Leo katika zahanati nyingi zisizo na umeme kuna majokofu ya chanjo yanayoendeshwa na sola bila betri yoyote. Mchana umeme wa jua hugandisha barafu iliyo ndani ya kuta za jokofu. Usiku barafu hiyo hulinda chanjo zibaki kati ya nyuzi 2 na 8. Unapompeleka mtoto kudungwa sindano, yawezekana dawa yake imelala usiku kucha kwa mtindo ule ule wa nyumba ya Dover, ila safari hii iliyowekwa akiba ni baridi.

Sanduku la manjano

Kama kuna kifaa kimoja cha sola tungependa kila mama akifahamu, ni hiki. Mwaka 2008 daktari wa uzazi kutoka Marekani, Laura Stachel, alikwenda kaskazini mwa Nigeria kuchunguza kwa nini akina mama wengi walikuwa wakifa wakati wa kujifungua. Aliona wakunga wakifanya kazi kwa mwanga wa taa ya mafuta. Aliona umeme ukikatika mama akiwa katikati ya upasuaji. Aliona wagonjwa wakisubiri kupambazuke, nao wengine hawakuwa na muda wa kusubiri.

Alimweleza mumewe, Hal Aronson, ambaye huko California alikuwa mwalimu wa mambo ya umeme wa jua. Mume akachora mtambo kwa ajili ya hospitali, kisha akatengeneza kielelezo kidogo kinachoingia sandukuni ili mkewe akawaonyeshe madaktari. Walipokiona kielelezo chenyewe walitaka kibaki. Zahanati za jirani nazo zikaomba masanduku ya namna hiyo.

Toka hapo lilizaliwa shirika la We Care Solar. Sanduku lenyewe ni gumu, la rangi ya manjano, na hufungwa ukutani. Ndani mna taa kali za kutundika juu ya kitanda cha uzazi, taa za kuvaa kichwani, mahali pa kuchajia simu ili mkunga aweze kuita gari la wagonjwa, na kipimo cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Kibao cha sola huwekwa juu ya paa. Masanduku haya yamefika katika nchi nyingi za Afrika, Uganda na Tanzania zikiwamo. Aliyewahi kujifungua huku jirani ameshika tochi mdomoni hahitaji maelezo zaidi.

Magari, ndege na pasi

Vijana wetu wanapenda kuuliza lini magari ya jua yatafika. Yapo. Desemba 1982 Hans Tholstrup na Larry Perkins waliondoka Perth, magharibi mwa Australia, kwa gari linalokwenda kwa jua, wakafika Sydney Januari 1983 baada ya siku 20 na kilometa kama 4,000. Tangu 1987 kuna mashindano ya magari ya namna hiyo nchini humo, kutoka Darwin mpaka Adelaide. Mwaka 2013 wanafunzi wa Eindhoven, Uholanzi, walileta gari la watu wanne liitwalo Stella, likashinda katika daraja la magari ya abiria. Na kati ya Machi 2015 na Julai 2016, Bertrand Piccard na André Borschberg wa Uswisi waliizunguka dunia kwa zamu katika ndege ya Solar Impulse 2, bila tone la mafuta. Ilikuwa na mabawa ya meta 72, lakini ilibeba mtu mmoja tu!

Hapo ndipo penye kikwazo. Jua la saa sita mchana hutoa kama wati 1,000 kwa kila meta mraba, na kibao kizuri hunasa kiasi cha sehemu moja ya tano. Paa la gari la kawaida basi litakupa wati 500 hivi. Pasi ya umeme hula mara mbili ya hizo.

Hesabu hiyo ni ya kukumbukwa na mama anayetaka kufunga sola nyumbani. Mtambo mdogo utakupa taa, redio, simu na pengine televisheni ndogo. Muuzaji akikuambia utapigia pasi na kupikia, mwombe akuonyeshe kwa macho. Muulize pia betri itadumu muda gani na mpya ni bei gani, kwa kuwa betri hufa miaka mingi kabla ya kibao. Kibao kisikae kwenye kivuli cha mwembe wala mnazi. Hata tawi moja hupunguza umeme sana. Kiinuliwe kidogo juu ya bati hewa ipite chini yake, maana kinapenda mwanga, si joto. Nawe ukifute vumbi kwa kitambaa laini chenye maji.

Na kikiharibika? Huko Kinyasini, Unguja, kuna kituo cha Barefoot College kinachofundisha wanawake wa vijijini kuunda na kutengeneza mitambo ya sola. Mtindo huo ulianzia Tilonia, Rajasthan, nchini India. Wengi wa wanafunzi ni akina mama na mabibi, na baadhi hawakupata kusoma. Hujifunza kwa kutambua rangi na umbo la kila kipande. Baada ya miezi kadhaa hurudi kijijini, na taa ya jirani ikizimika, anayeitwa ni mama huyo na bisibisi yake.